Mawaridi yanainama shingo siku ya pili, na hesabu ya mwezi haitoki

KikapuChaMaua

Habari za humu wakuu. Biashara yangu ni ndogo: mimi na msaidizi mmoja wa mwisho wa wiki. Kuna mambo mawili yananikwamisha kwa pamoja, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

La kwanza ni mawaridi. Yanakuja makavu, yamelazwa kwenye boksi, mafungu ya mashina 20, matumba bado yamefunga. Nayakata kwa mkasi wa kawaida, navua majani na miiba yote kwa kile kibanio cha chuma, najaza maji ya bomba kwenye ndoo ya lita 10 hadi karibu na ukingo, natia vijiko vitatu vya sukari, kisha ndoo inaingia kwenye friji papo hapo. Friji ni ya nyumbani, na ndani yake kuna vitu vingine. Siku ya pili vichwa vimelala. Petali hazijanyauka, tumba halijafunguka, ni shingo tu imekosa nguvu.

La pili ni bei. Nachukua gharama ya maua na chombo, naongeza nusu yake, hiyo ndiyo bei. Wateja wapo, kazi ipo, lakini nikishalipa kila kitu hakibaki kitu.

Na sasa nina oda ya harusi baada ya siku 10: meza 12, shada la bibi harusi, na maua ya kifuani 8. Kila meza nimepanga mawaridi 7, kanesheni 5, jipsofila (vile vimaua vidogo vya kujazia) 2 na majani matawi 4. Shada la bibi harusi mawaridi 24. Ninunue mangapi, na siku gani?

NdooSafi

Nianze na shingo. Maua yako yana kiu ingawa yamesimama ndani ya maji, maana maji hayapandi. Shina la waridi ni mkusanyiko wa mirija myembamba sana. Likikaa kavu baada ya kukatwa, hewa huvutwa ndani ya mirija hiyo, na kiputo kikishakaa pale maji hukwama chini yake. Kizibo cha pili ni bakteria: wanazaliana kwenye maji na kwenye mkato, kisha wanaacha utelezi unaofunga mirija. Na sehemu iliyo chini kidogo ya tumba bado ni changa, haijakomaa kuwa kijiti. Inasimama kwa sababu imejaa maji, basi. Maji yakipungua kidogo, hiyo ndiyo inaanguka kwanza, hata kama petali bado nzuri kabisa.

Sasa twende kwenye utaratibu wako, maana karibu kila hatua inaongeza tatizo.

Sukari peke yake ni kosa kubwa. Vijiko vitatu kwenye lita 10 ni vichache mno kulisha ua, ila vinatosha kabisa kulisha bakteria. Sukari ina kazi yake, lakini lazima iende pamoja na tindikali na kiuavijidudu.

Kibanio cha miiba kinachubua ganda. Kila mchubuko ni jeraha ambalo bakteria wanaingilia, na utomvu unaotoka unachafua maji. Vaa glavu ngumu, toa kwa mkono majani yote yatakayozama majini, na miiba ile tu inayokuzuia kushika shada. Majani mawili matatu ya juu yaache, ndiyo yanayovuta maji kwenda juu.

Mkasi wa kawaida unabana shina kabla ya kulikata, na ukiangalia mkato kwa karibu utaona mdomo umebonyea. Tumia kisu chenye makali, au mkasi wa bustani ule wenye makali yanayopishana. Mkato wa mshazari ni mzuri kwa sababu shina halikai bapa kwenye sakafu ya ndoo na kujifunga lenyewe, hakuna muujiza mwingine.

Maji ya kufurika hayasaidii. Ua linanywa kwa mkato wake, kwa hiyo sentimita 10 hadi 15 zinatosha. Zaidi ya hapo unaozesha tu ganda.

Halafu friji. Ua lililosafiri kavu linatakiwa linywe kwanza kwenye kivuli, joto la kawaida la chumba, saa 2 hadi 3, ndipo liende kwenye baridi. Baridi inapunguza kasi ya kila kitu, kunywa kukiwemo. Friji ya nyumbani pia ina hewa kavu inayofyonza maji kwenye petali, na kama ndani mna matunda yaliyoiva, yanatoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Kanesheni zinaathirika vibaya zaidi kuliko waridi: zinajikunja na kufumba kama zimelala, na hazifunguki tena. Toa matunda yote. Tenga rafu, au bora zaidi friji nzima, kwa maua tu. Nyuzi 2 hadi 4 ni sawa kwa waridi, na usiruhusu petali ziguse ukuta wa nyuma, zinaganda na kugeuka kama plastiki iliyolowa.

Utaratibu ninaoushauri ni huu. Osha ndoo kwa sabuni na brashi, suuza kwa maji yenye klorini, suuza tena. Zile kingo za ndani zenye utelezi usioonekana ndizo tatizo, kwa hiyo pitisha kidole: kikiteleza, rudia. Weka maji ya vuguvugu yenye chakula cha maua (dawa ya pakiti yenye sukari, tindikali na kiuavijidudu pamoja) kwa kipimo cha pakiti, usikadirie kwa macho. Kata sentimita 3 kila shina na liingie majini ndani ya sekunde chache. Usikate fungu zima ukaliacha mezani ukapokee simu. Acha karatasi ya kufungia ibaki imeshika vichwa, ili shingo zinywe zikiwa zimenyooka.

Kwa yaliyokwisha kuinama: kata upya sentimita 4 au 5, yaviringishe kwenye karatasi ngumu vichwa vikiwa vimenyooka, na uyasimamishe kwenye maji ya vuguvugu ya kina kirefu kwa saa 1 hadi 2. Yasiponyanyuka, laza waridi zima kwenye beseni la maji kwa nusu saa mpaka saa moja. Lisiponyanyuka na hapo, limekwisha, tumia petali zake.

Mwisho, wakati wa kununua. Tumba ambalo bado limekumbatiwa na sepali (vile vijani vya kijani vinavyolifunika) lilikatwa changa, na shingo yake ni dhaifu tangu shambani. Chagua lile ambalo sepali zimeanza kukunjuka kwenda chini na petali moja au mbili za nje zimeachana. Libonye kwa vidole viwili pale penye unene, karibu na kikombe. Gumu, chukua. Likibonyea, limekaa sana mahali.

Mshazari

Nakubaliana na NdooSafi karibu kwa yote, naongeza moja. Kwa waridi lililosafiri kavu, kata shina likiwa limezama ndani ya beseni la maji safi, si hewani. Kiputo kipya hakipati nafasi ya kuingia. Beseni hilo libadilishwe maji kila baada ya mafungu machache, la sivyo unakatia kwenye supu ya bakteria na umefuta faida yote.

Na tafadhali usichukue kanuni za waridi ukazipeleka kwa kila ua. Jebera zina shina lenye vinyweleo linalooza upesi, zipe maji sentimita 5 hadi 8 tu. Tulipu zinaendelea kurefuka baada ya kukatwa na zinafuata mwanga, kwa hiyo ukipanga acha nafasi. Nasisi zinatoa ute unaodhuru wenzake, zikae ndoo ya peke yao usiku kucha, na usizikate tena unapoziunganisha na mengine. Haidrenjia ikinyauka, zamisha kichwa chote majini, petali zake zinanywa. Anthuria, helikonia na okidi nyingi usiziweke kwenye baridi chini ya nyuzi 12: zinapata mabaka meusi ambayo utayaona kesho yake ukiwa umeshazifikisha kwa mteja.

KikapuChaMaua

Asanteni sana, nimeshapitisha kidole kwenye ndoo na nimeona aibu, zote zinateleza. Swali: chakula cha maua cha pakiti sikipati kila wakati. Kuna cha kutengeneza mwenyewe?

NdooSafi

Kipo, ingawa cha pakiti kinapimwa kwa usahihi zaidi. Kwa lita 1 ya maji: sukari kijiko kikubwa 1, maji ya limau yaliyochujwa vijiko vikubwa 2, klorini ya kufulia ile isiyo na harufu ya kuongezwa, robo kijiko cha chai. Koroga limau na sukari ndani ya maji yote kwanza, klorini iwe ya mwisho. Usichanganye limau na klorini vikiwa vikali kwenye kikombe kimoja, vinatoa gesi mbaya kwa mapafu.

Limau linaongeza uchachu wa maji hadi kiwango ambacho yanapanda kwenye shina kwa urahisi na bakteria wanazaa polepole. Badilisha kila baada ya siku 2 na ukate tena sentimita 1. Usitumie ndoo ya bati au ya chuma, tindikali inakula madini na dawa inapoteza nguvu. Plastiki au kioo. Sarafu ya shaba na vidonge vya maumivu achana navyo, havichukui nafasi ya ndoo safi.

DaftariLaMaua

Mimi nije kwenye pesa, maana hata mawaridi yakisimama wima mwezi mzima, kwa bei hiyo utaendelea kutobakiwa na kitu. Ukiongeza nusu ya gharama, maana yake theluthi mbili ya kila unacholipwa inarudi kwa muuzaji wa jumla. Theluthi inayobaki ndiyo ilipe pango, maji, umeme, usafiri, karatasi, msaidizi, maua yaliyokufa ndooni, halafu na wewe. Haiwezekani.

Kanuni ambayo wengi kwenye kazi hii wanaanzia nayo: maua mara 3, vyombo na vifaa mara 2, kisha asilimia 20 juu kwa kazi ya mikono (kwa mashada ya harusi yenye waya nyingi, peleka hadi 30). Nachukua meza yako moja, kwa namba za mfano tu, weka za kwako. Tuseme waridi ni 10, kanesheni 6, jipsofila 8, tawi la majani 3.

Mawaridi 7 ni 70. Kanesheni 5 ni 30. Jipsofila 2 ni 16. Majani 4 ni 12. Jumla 128. Ongeza asilimia 10 ya kuharibika, 141. Mara 3 ni 423. Chombo, waya na utepe tuseme 60, mara 2 ni 120. Jumla 543. Ongeza asilimia 20 ya kazi, unafika kama 652.

Kwa njia yako ya sasa meza hiyohiyo ungeiuza 282. Tofauti hiyo ndiyo mshahara wako na pango.

Usiogope mara 3 ukadhani ni tamaa. Maua ni bidhaa inayokufa, hairudishwi rafuni. Mteja akisema ni ghali, punguza mashina, usipunguze kuzidisha. Mawaridi 5 yaliyopangwa vizuri kwenye chombo kidogo yanapendeza kuliko 7 uliyoyauza kwa hasara. Na ukianza kuongeza "kidogo tu" shina moja hapa na jingine pale kwa sababu shada linaonekana halijashiba, hesabu yote imevunjika. Hesabu mashina mezani kabla ya kuanza, weka pembeni ya kila chombo idadi yake, na kilichobaki ndooni kibaki ndooni.

Sasa kununua. Mawaridi: meza 84, bibi harusi 24, kifuani 8, jumla 116. Asilimia 10 ya akiba inafanya 128. Mafungu ni ya 20, kwa hiyo ni mafungu 7, yaani 140, na mteja analipia yote 7, si 128. Kanesheni: meza 60, na akiba 66. Hapo angalia vizuri. Kama fungu ni la 20, utalazimika kununua manne, mashina 80, kwa ajili ya mashina sita. Badilisha mpango uwe kanesheni 4 kwa meza: 48, na akiba 53, mafungu 3 yanatosha na saba yanabaki. Kazi hii ifanyike kabla hujampa mteja bei. Baada ya kumpa, fungu la nne linatoka mfukoni mwako.

Kuhusu malipo: nusu siku ya kuweka oda, iliyobaki wiki moja kabla ya tukio, na hununui shina hata moja kabla haijaingia. Andika kwenye makubaliano kwamba unaahidi rangi na sura ya jumla, si aina moja mahususi ya ua, kwa kuwa aina ikikosekana sokoni utaweka inayofanana kwa thamani ileile. Vyombo vikiwa vya kurudishwa, dhamana yake iwe mstari wake peke yake.

Mshazari

Kwa ratiba, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya tukio. Siku 3 kabla: mawaridi na kanesheni, zinywe siku hiyo na usiku wake. Siku 2 kabla: jipsofila na majani, osha vyombo, kata na funga waya. Siku 1 kabla: meza zote, na jioni shada la bibi harusi. Maua ya kifuani usiku wa mwisho au alfajiri. Mawaridi yakiwa bado yamefumba ile siku 1 kabla, yatoe kwenye baridi, yape maji ya vuguvugu chumbani. Ukiongeza lili baadaye, zije siku 4 au 5 kabla maana zinakuja zimefumba kabisa, na kila inapofunguka nyofoa vile vichwa vya chavua kabla havijakauka. Chavua ya lili ikigusa gauni jeupe usiifute kwa maji wala kwa kidole. Iinue kwa utepe wa gundi.

Shada la bibi harusi la mkononi, usitie sponji (lile la kuchomekea mashina), zungusha mashina. Shika shina la kwanza wima, kati ya gumba na kidole cha shahada, mkono umelegea. La pili lilaze mbele yake kwa mshazari, kichwa kushoto, mkia kulia. La tatu hivyohivyo, mbele ya la pili. Kila baada ya mashina matatu au manne, zungusha shada zima robo ya mzunguko, upande uleule siku zote. Mikia itaanza kufunguka kama miguu ya kigoda. Shina moja likipita kinyume, mashina yanakabana mahali hapo, na unapokaza kamba ndipo linavunjika. Ukihisi mkono unalazimika kubana, kuna lililopita kinyume, litafute ulitoe. Funga kwa kamba ya katani pale vidole vilipo, kata mikia sawa, lisimamishe mezani. Likisimama lenyewe bila kuegemea, umelipata. Ukifunga chini zaidi shada linapanuka na kulegea, ukifunga juu linabana na kuwa duara.

Ua la kifuani: kata shina libaki sentimita 3 au 4, choma waya mwembamba kupita kwenye uvimbe ulio chini ya petali, kunja ncha zote mbili chini sambamba na shina, kisha zungushia utepe wa nta. Utepe huo haushiki mpaka uuvute. Watu wanauzungusha bila kuuvuta halafu wanalalamika kwamba haunati. Vuta, zungusha, vuta.

KikapuChaMaua

Nimewaelewa vizuri. Mezani nilikuwa nitumie sponji la kijani, ila mara nyingi likipangwa, kesho yake upande mmoja umenyauka na mwingine uko sawa. Kwa nini?

Mshazari

Ulilisukuma kwa mkono lizame. Ukilisukuma, nje linalowa na katikati linabaki kavu, na kila shina lililofika kwenye mfuko huo wa hewa halina maji. Liweke juu ya maji mengi yenye chakula cha maua, liache lizame lenyewe. Likishakuwa na rangi ya kijani iliyokoza na limelingana na uso wa maji, litoe. Ukichoma shina ukaliona liko vibaya, lichomoe kabisa ulichome mahali pengine. Ukilivuta juu kidogo tu unaacha shimo chini ya mkato, na shina linaning'inia hewani bila wewe kuona. Lililowahi kulowa likakauka usilirudie.

Lakini kwa meza zako 12 mimi ningeliacha. Sponji hilo ni plastiki inayopukutika, vumbi lake haliozi ardhini wala majini, na maji yake hayafai kumwagwa kwenye mfereji. Chukua wavu wa kuku, kata kipande chenye ukubwa wa mara mbili ya mdomo wa chombo, kikunje kama mpira usiobana sana, kiingize, kisha pitisha utepe usioingia maji juu ya mdomo kwa umbo la msalaba. Kila shina linashikwa sehemu mbili au tatu na linanywa maji yenyewe. Wavu unaoshwa, unatumika tena harusi ijayo, na kwenye daftari la DaftariLaMaua unaingia kama kifaa mara moja tu.

NdooSafi

Ukisafirisha: chombo kiwe na robo ya maji tu, uongeze ukishafika. Kila kimoja kikae ndani ya boksi lenye karatasi zilizokunjwa pembeni, kisielekezwe kwenye tundu la kiyoyozi wala dirisha lililo wazi, upepo unakausha petali haraka kuliko jua. Beba ndoo moja ya yale mawaridi 12 ya akiba, mkasi, kamba na utepe. Shina litakalovunjika njiani huwa ni lile la mbele kabisa.